Daftari la Saa Nane Usiku: Sheria kwa Mwenye Kampuni ya Alamu

Sanduku la plastiki lenye betri na king'ora mteja wako anaweza kulipata kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, pengine kwa bei iliyo chini ya yako. Anapokulipa wewe kila mwezi, ananunua ahadi: kwamba sensa ikishtuka saa nane usiku, kuna mtu aliye macho atakayeiona ishara, atajua la kufanya, na atalifanya. Ahadi ya aina hii ina shida yake. Aliyenunua godoro huujua ubora wake kesho yake asubuhi, lakini aliyenunua alamu anaweza kuilipia miaka mitano bila kujua kama inafanya kazi, mpaka usiku atakapovunjiwa. Kwa sababu hiyo sheria haikuachi wewe na mteja mmalizane wenyewe. Nchini Kenya, ambako mwongozo huu umejikita, unaguswa na sheria ya ulinzi binafsi, ya mawasiliano, ya walaji, ya data, ya ushahidi na ya kazi, na kila moja ina ofisi yake na fomu zake. Wenye kampuni wengi huzichukulia kama vyeti vya kutundika ukutani karibu na picha ya Rais. Kosa linaanzia hapo. Sheria hizi zikifika mlangoni kwako, karibu zote huuliza kitu kimoja: daftari lako la matukio linasema nini? Daftari hilo ndilo kinga yako kuu, na hilohilo, likitunzwa ovyo, ndilo litakalokushtaki.

Tuanze na kinga ambayo wengi huitegemea zaidi, yaani kifungu cha mwisho cha mkataba, kile cha herufi ndogo, kisemacho kwamba kampuni haitawajibika kwa hasara yoyote. Wanaokitegemea wana historia ya kujivunia. Mwaka 1980 Bunge la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko, liliamua kesi ya Photo Production dhidi ya Securicor. Mlinzi aliyetumwa kupiga doria usiku katika kiwanda alikuwa amewasha moto mwenyewe, moto ukamshinda, kiwanda kikateketea na hasara ikafika pauni 615,000. Securicor, kampuni ya ulinzi iliyomwajiri, ilishinda kwa kifungu chake cha mkataba. Mwaka uliofuata ikashinda tena: boti mbili zilizokuwa chini ya ulinzi wake katika bandari ya Aberdeen zilikuwa zimezama usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1972, na mkataba ulikuwa umeweka ukomo wa fidia wa pauni 1,000. Hasara ilikuwa takriban pauni 55,000, lakini ukomo ukasimama. Mahakama za Kenya hazifungwi na hukumu hizi, ila huzisoma kwa heshima, na wakili wako huenda akakutajia mojawapo kabla hujamaliza chai.

Zisome vizuri kabla ya kufurahi. Kwanza, kesi zote mbili zilikuwa kati ya wafanyabiashara na wafanyabiashara, watu wenye bima zao na mawakili wao. Katika ile ya kiwanda, malipo ya doria yalikuwa pauni nane na shilingi kumi na tano kwa wiki, na waamuzi waliona kwamba kwa malipo madogo hivyo ilikuwa busara hatari ya moto ibebwe na bima ya mwenye kiwanda. Mama wa Buruburu aliyefungiwa alamu nyumbani kwake si mwenye kiwanda. Kwake yeye kuna Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya 2012, ambayo inachukulia kwamba kila huduma imeahidiwa kuwa ya ubora unaokubalika hata kama mkataba umenyamaza, na haki hiyo haiondolewi kwa sahihi yake. Nyuma yake kuna Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mlaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na ya kulipwa fidia. Pili, na hili husahaulika, kifungu cha Securicor hakikusema kampuni haiwajibiki kwa lolote. Kilisema haiwajibiki kwa tendo la mfanyakazi ambalo lisingeweza kutabiriwa na kuzuiwa kwa uangalifu wa mwajiri, na mwenye kiwanda hakuwa amedai kwamba mlinzi yule aliajiriwa kizembe. Kwa hiyo hata ushindi ule uliegemea uangalifu. Leo wewe ungeuonyesha kwa nini, kama si kwa faili lenye cheti cha tabia njema, barua za wadhamini na tarehe za mafunzo?

Usikiondoe kifungu chako basi, ila kiandike kama mtu anayejua atakisoma mbele ya hakimu. Ukomo wa fidia unaoendana na ada ya mwezi, ulioandikwa wazi na kuelezwa mteja, una nafasi nzuri ya kusimama kuliko kauli ya kukana kila kitu. Na mkataba wenyewe ueleze mnyororo mzima wa huduma: ishara inapita wapi, kwa redio au kwa laini ya simu, stima ikipotea betri inadumu muda gani, mtandao wa simu ukianguka paneli inafanya nini, nani anapigiwa kwanza, gari linatoka kituo gani, askari wako akifika ataingia ndani au ataishia getini. Taja pia daraja la mfumo. Viwango vya Ulaya vya EN 50131 hugawa mifumo ya alamu katika madaraja manne, kuanzia la mwizi mwenye ujuzi mdogo na vifaa vichache hadi la mwizi aliyejipanga, na mteja aliyechagua daraja la chini kwa ajili ya bei anapaswa kuwa ameliona neno hilo na kulitia sahihi. Kisha soma tangazo lako. Kama mkataba unasema "tutajitahidi kufika" na bango la barabarani linasema "dakika tano", hakimu ataanza na bango. Sheria ya walaji inaiita kauli ya uongo ile inayomfanya mtu aamini huduma ina ubora isiokuwa nao, na Nairobi ya saa kumi na mbili jioni yenye mvua haijawahi kumruhusu mtu kuahidi dakika tano.

Usajili ni eneo linalotisha kuliko ulivyo ugumu wake, kwa hiyo tulipite upesi. Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi, Nambari 13 ya 2016, haihusu walinzi wa getini pekee. Inawagusa pia wafungaji wa alamu na vifaa vya ulinzi, kwa hiyo fundi anayesema "mimi nafunga tu, silindi" asijidanganye. Kampuni husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi (PSRA), watu wake nao husajiliwa, na kama wenye hisa ni wageni, angalau asilimia 25 ya hisa iwe mikononi mwa Wakenya. Vifaa vinavyotumia mawimbi ya redio vinahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, na masafa ya kusafirishia ishara hayachukuliwi hivihivi eti kwa sababu redio iliyonunuliwa Dubai imekuja imeshapangiliwa. Kaunti inataka leseni yake ya biashara. Waliojeruhiwa kazini wanalindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya 2007, na fundi anayepanda ngazi kufunga king'ora chini ya paa ni mtu wa kukatiwa bima mapema.

Turudi kwenye daftari. Chukulia nyumba imevunjwa na mteja amekushtaki kwamba hukuitikia. Wapo wenye kampuni, nao si wajinga, wanaosema hivi: ukiandika kila dakika unampa mlalamikaji kamba ya kukunyongea, afadhali rekodi iwe fupi, au isiwepo. Hoja hii inasikika ya kijanja mpaka uikutanishe na kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi. Kinasema kwamba katika kesi ya madai, jambo ambalo liko ndani ya ujuzi wa upande mmoja hasa, ni upande huo wenye mzigo wa kulithibitisha au kulikanusha. Mteja wako alikuwa Mombasa harusini. Nani anayejua ishara iliingia saa ngapi kwenye chumba chako cha udhibiti? Ni wewe peke yako, na ukikaa kimya, kimya chako kitahesabiwa. Kuna na upande mwingine ambao wajanja hao hawauoni: kesi nyingi za aina hii huamuliwa kwa mambo ambayo mteja ndiye aliyeyafanya au kuyaacha, kama vile kutowasha mfumo, kupuuza ujumbe wa betri dhaifu, au kubadilisha kufuli bila kukuarifu. Hayo yote yanaonekana kwenye daftari tu. Ukilifupisha ili kuficha kosa lako, umefuta na kosa lake.

Lakini kuwa na rekodi na rekodi kukubaliwa mahakamani ni mambo mawili. Daftari lako la leo limo kwenye kompyuta, na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kina masharti ya rekodi za kielektroniki: cheti kinachoitambulisha rekodi, kinachoeleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani, kilichotiwa sahihi na mtu mwenye wadhifa juu ya kifaa hicho. Mteue mtu huyo sasa, kwa barua, kabla hajahitajika. Hakikisha saa za mashine zote zinalingana, maana kamera inayosema 02:12 na paneli inayosema 02:31 zitampa wakili wa upande wa pili asubuhi nzima ya maswali. Mpangie kila mfanyakazi wa chumba cha udhibiti jina lake la kuingilia kwenye mfumo; pale ambapo zamu nzima inatumia jina moja, daftari linaonyesha kwamba kuna mtu alibofya, lakini halisemi ni nani. Na rekodi isiruhusu kurekebishwa kimyakimya. Aliyekosea aongeze mstari mpya wa masahihisho, ule wa zamani ubaki.

Hapa ndipo daftari linapogeuka. Ndani yake mna saa ambazo familia huamka, hutoka na kulala; wiki ambazo nyumba huwa tupu; namba za jamaa wenye funguo; neno la siri ambalo mtoto hufundishwa kulitamka akilazimishwa; na kama umeunganisha kamera, mna sura zao. Mwizi angelipia fedha nyingi kuupata mkusanyiko huo. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na nyumba yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeipa haki hiyo meno. Mwenye kampuni ndogo kwa kawaida hujitetea kwamba usajili kwa Kamishna wa Data ni wa wakubwa, kwa kuwa kanuni za 2021 zinawasamehe wenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10. Ni kweli, ila kanuni hizohizo zina orodha ya shughuli zisizosamehewa hata ziwe ndogo kiasi gani, na miongoni mwake ni kuzuia uhalifu, ikiwemo kuendesha kamera za CCTV za usalama. Kwa hiyo jisajili, na uweke alama kwenye kalenda, maana cheti chake hudumu miezi 24.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi: kamera ni ya mteja, iko nyumbani kwake, na sheria haigusi mambo ya mtu na nyumba yake. Msamaha huo upo kweli, lakini ni wa mwenye nyumba, na hata kwake una mpaka. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisikiliza kesi ya Ryneš kutoka Cheki, ya mtu aliyefunga kamera baada ya madirisha yake kuvunjwa mara kwa mara, kamera ikachukua na barabara ya mbele. Mahakama ilisema kwamba kamera inayotazama njia ya umma imevuka mpaka wa shughuli za nyumbani. Hukumu hiyo haiifungi Nairobi, lakini msamaha wa sheria ya Kenya umeandikwa kwa maneno yanayokaribiana sana na yale. Funga basi kamera ikitazama geti la mteja na isitazame sebule ya jirani. Ama kampuni yako, hiyo haina nyumba ya kujifichia: unapopokea na kuhifadhi rekodi za watu kwa malipo, unashughulikia data kwa niaba ya mteja wako, na sheria inataka mkataba wa maandishi unaosema nani anaamua nini. Mkataba huo ndio utakaotaja kama seva ziko nje ya nchi, jambo ambalo wateja wengi hawalijui na ambalo wana haki ya kuambiwa.

Anayeona haya ni ya kinadharia atazame Texas. Fundi wa kampuni ya alamu inayojulikana sana Marekani alikuwa akiongeza anwani yake ya baruapepe kwenye akaunti za wateja aliowafungia kamera, akidai ni kwa ajili ya majaribio, kisha akawa anawachungulia majumbani mwao. Kwa zaidi ya miaka minne aliingia zaidi ya mara 9,600 kwenye akaunti za wateja takriban 200. Alikiri kosa Januari 2021 na akafungwa miezi 52. Kinachopaswa kukukosesha usingizi ni kwamba hakuvunja mfumo wowote. Kila alipoingia, mfumo ulikuwa na kila sababu ya kumwona kama mtumiaji halali, na orodha ya anwani zenye ruhusa ilikuwa pale muda wote ikisubiri mtu aisome. Isome ya kwako kila mwezi. Mteja aione kwa macho yake siku ya kukabidhiwa mfumo, na nywila ya kiwandani ibadilishwe mbele yake. Siku ukigundua data imevuja na inaweza kuwadhuru watu, una saa 72 za kumwarifu Kamishna, na saa 48 tu za kumwarifu mteja wako pale ambapo wewe ndiye unayeshughulikia data kwa niaba yake. Adhabu inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliopita, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Kuna kishawishi kingine kinachostahili onyo lake, nacho ni video ya mwizi. Kamera imemnasa akiruka ukuta, kijana wa masoko anaiweka mtandaoni yenye nembo ya kampuni, watu wanacheka, simu za wateja wapya zinaingia. Septemba 2023 Kamishna aliitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Yule alikuwa anakula na kunywa, si mwizi, utasema. Lakini aliyeruka ukuta naye bado ni mshukiwa mpaka mahakama iseme, na mara nyingine ni mpwa wa mwenye nyumba aliyesahau ufunguo. Video ipeleke kituo cha polisi na uandike nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Sasa muda wa kuhifadhi, ambapo sheria mbili huonekana kuvutana mashati. Sheria ya data inasema usikae na taarifa za watu kupita haja. Sheria ya Ukomo wa Mashauri inampa mteja miaka 6 ya kukushtaki kwa mkataba na miaka 3 kwa uzembe. Wengine husuluhisha mvutano huu kwa kuhifadhi kila kitu milele, wengine kwa kufuta kila kitu diski ikijaa, na wote wawili wamekosea kwa sababu moja: wanachukulia rekodi kuwa kitu kimoja. Itenganishe. Mistari ya matukio, yaani saa, eneo la sensa, nani aliitikia na gari lilifika lini, ina taarifa binafsi chache na ndiyo utakayoihitaji mwaka wa tano. Ihifadhi kwa miaka 6 baada ya mkataba kwisha. Picha za kamera zina taarifa nyingi na umri wake wa manufaa ni mfupi. Zipe wiki chache, halafu zifutike zenyewe, isipokuwa kipande cha tukio lililoripotiwa, ambacho hukatwa na kuwekwa kando pamoja na nambari yake ya OB. Maneno ya siri na orodha ya wenye funguo hazina sababu ya kuishi hata siku moja baada ya mteja kuondoka. Andika sababu ya kila muda uliochagua. Atakayekuja kukukagua ataridhika na muda uliofikiriwa hata kama yeye angechagua mwingine.

Uwanjani, kikosi chako cha kuitikia alamu si polisi. Sheria ya 2016 haikuwapa walinzi binafsi ruhusa ya kubeba bunduki, na uwezo wao wa kukamata mtu unakaribiana na wa raia yeyote: chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, raia aliyemkamata mtu kwa kosa zito ampeleke kwa polisi bila kuchelewa. Kumfunga mshukiwa kwenye mti hadi asubuhi, au kumkabidhi kwa umati, ni kuhamisha kesi kutoka kwa mwizi kuja kwako. Kwa kuwa unategemea bunduki za serikali, utunze uaminifu wako kwa serikali, na uaminifu huo huliwa na alamu za uongo. Mwongozo wa Wizara ya Haki ya Marekani kuhusu suala hili ulikadiria kwamba kati ya asilimia 94 na 98 ya miito ya alamu za wizi huko ni ya uongo, na Uingereza polisi huacha kuitikia mfumo uliowaita bure mara tatu ndani ya miezi 12. Usingoje Kenya iandike kanuni kama hiyo. Hesabu miito ya bure kwa kila mteja, na anayefikisha mwito wa tatu atumiwe fundi. Paka wa jirani na pazia linalopeperushwa na upepo huonekana kwenye daftari kwa wiki kadhaa kabla askari wa zamu hajaanza kuipuuza nyumba hiyo.

Imebaki pingamizi la gharama: kampuni yenye magari mawili na watu wanane itayabebaje haya yote? Sehemu kubwa ya yaliyotajwa hapa haihitaji fedha. Kulinganisha saa, kumpa kila mtu jina lake la kuingilia, kuteua mtu wa kutia sahihi vyeti, kusoma tangazo sambamba na mkataba: hiyo ni kazi ya wiki moja. Kinachogharimu ni wakili wa kuandika upya mkataba na ada za usajili, na hizo zigawe kwa idadi ya wateja uone ni shilingi ngapi kwa mwezi. Kama huna uwezo wa kuendesha chumba cha udhibiti usiku kucha, unaweza kununua huduma ya kupokea ishara kutoka kwa kampuni kubwa, ila mteja aambiwe, na makubaliano yenu ya data yawe kwenye karatasi.

Ukitafuta pa kuanzia, acha vyeti kwanza. Fungua mfumo, toa orodha ya kila mtu mwenye ruhusa ya kuingia kwenye paneli na kamera za wateja, kisha iweke kando ya orodha ya mishahara ya mwezi huu. Majina yaliyo kwenye ya kwanza na hayapo kwenye ya pili, yaondoe leo kabla ya zamu ya usiku kuingia, na uandike kwenye daftari nani aliyaondoa na saa ngapi.